Makovu Manne ya Shemasi Claudia

Shangazi yangu Claudia Akimana ana makovu matano tumboni. Moja ni refu, linaanzia chini ya kitovu na kushuka mpaka kinenani, limekunjamana kama mdomo wa gunia lililoshonwa na mtu mwenye haraka. Hilo alilipata akiwa na miaka ishirini, alipojifungua Restuta kwa upasuaji katika hospitali ya wilaya, na kwa miaka mingi lilikuwa kipimo chake cha kila kitu kinachoitwa kupasuliwa. Mengine manne ni madogo. La kitovuni hulioni mpaka ulitafute. Matatu yaliyobaki, moja chini ya chembe cha moyo na mawili upande wa kulia chini ya mbavu, yana urefu wa punje ya mahindi. Ninayotaka kuandika ni habari ya haya manne, na ya mengine matatu ambayo hayako mwilini mwake.

Alizaliwa Bugarama, wilayani Ngara, katika familia iliyovuka kutoka Rwanda wakati wa babu yetu. Akaolewa na Fideli Hategekimana wa Nyantakara, Biharamulo, na huko ndiko wanakolima mpaka leo: mihogo, mahindi, maharage, na kipande cha migomba karibu na nyumba. Nyumbani wanaongea Kinyarwanda kilichoingiliwa na Kihangaza. Majirani zao wa upande wa bondeni ni Wasukuma waliokuja na ng'ombe kutoka Shinyanga na Mwanza. Kanisani wote wanakutana kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuna lugha nyingine inayowatosha, na kwa kuwa kila mmoja amejifunza lugha hiyo shuleni au sokoni, wanaitumia kwa uangalifu. Neno likishasemwa kanisani kwa Kiswahili, huwa zito kama lililoandikwa na kupigwa mhuri.

Kanisa lenyewe ni dogo, la matofali ya kuchoma na bati. Mchungaji anafika mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine ibada inaongozwa na mzee Telesfori. Hubatiza kwa kuzamisha, katika lambo wanalonyweshea ng'ombe, na kwa miaka kumi na moja shangazi alikuwa shemasi wa akina mama. Kazi yake iliyojulikana ni kushika kitenge pale ukingoni, wanawake waliotoka majini wabadilishe nguo nyuma yake. Kazi yake nyingine haikuandikwa popote. Mwanamke akidhaniwa kwamba amekwenda kwa mganga kwa siri, shangazi na mwenzake Bonifasia walimwingiza katika stoo ya kanisa wakamkagua mwili kutafuta chale. Wengi katika kanisa lile walitoka katika nyumba za hirizi na vibuyu, wakaviacha kwa shida, na waliwaogopa waganga kama mtu aliyeacha pombe anavyoogopa kupita karibu na kilabu.

Suzana alikuwa mke wa Maduhu, Msukuma mpole mwenye ng'ombe wachache, ambaye aliokoka kwa sababu ya mkewe. Siku alipobatizwa, Maduhu alileta kapu la vibuyu vya marehemu baba yake akavichoma kando ya lambo huku watu wakiimba. Nakumbuka hakuimba. Alisimama akitazama mpaka moto ukaisha.

Miaka miwili iliyopita Suzana aliugua tumbo akiwa kwa dada yake Mwanza, akakaa huko wiki tatu, akarudi amekonda. Mwezi uliofuata alimsaidia bibi mmoja kuingia majini, akalowana, na alipokuwa akibadilisha nguo, mtu akaona alama tatu nyeusi tumboni mwake. Kabla ya chakula cha mchana kila mtu alikuwa amezisikia. Jumapili iliyofuata akaingizwa stoo, katikati ya ngoma na mabenchi mabovu.

"Mama shemasi, nilipasuliwa," alisema. "Huku kulia palikuwa panauma, ni kidole tumbo. Hospitali kubwa, Mwanza."

"Ulipasuliwa wapi?"

"Hapo hapo unapoona."

Shangazi alicheka kidogo, wala si kwa ubaya. Akainua blauzi yake mwenyewe, akashusha sketi kidogo, akamwonyesha kovu la Restuta. "Aliyepasuliwa tumbo, mwanangu, yuko hivi. Wewe umechanjwa."

"Walitumia mashine. Waliingiza kamera."

"Kamera," Bonifasia alisema. "Walikuwa wanakupiga picha ya pasipoti humo ndani?"

"Karatasi zangu ninazo nyumbani. Nikazilete?"

"Siku hizi hata waganga wana mihuri, dada. Usijisumbue."

Nilikuwa nimekaa nje ya mlango wa stoo na daftari la kwaya mapajani. Nilisikia neno karatasi. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, na katika kanisa lile ni mimi tu ningeweza kuzisoma bila kubabaika. Sikusema kitu. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na wakati ule nilidhani hiyo ni sababu ya kutosha.

Shangazi alitoka, akasimama mbele, akasema, "Nimeona kwa macho yangu. Ni chale." Akarudi kukaa.

Suzana akatengwa miezi sita: benchi la nyuma, asiguse Meza ya Bwana, asiimbe. Alikaa kwenye benchi lile Jumapili tatu. Ya nne hakuonekana. Maduhu hakumpiga wala hakumfukuza. Aliacha tu kula alichopika. Majirani walimsikia akimwambia mara moja, bila kupaza sauti, "Ulinichomesha vitu vya baba, halafu wewe ukaenda kwa wenzake." Suzana akamchukua binti yao Yuster, akaenda kwa kaka yake Ndassa, kijiji cha Nyamigogo.

Shangazi alisikitika, kama mtu anavyosikitikia mvua iliyoharibu shamba la mwenzake. Hakufikiri kwamba mvua ile ni yeye.

Ugonjwa wake ulianza mwaka jana baada ya kuvuna maharage. Maumivu yalikuja upande wa kulia, chini ya mbavu, hasa akila kitu chenye mafuta. Alijitibu vidonda vya tumbo kwa dawa za dukani miezi minne. Siku ya arusi moja alikula nyama, akatapika mpaka akashindwa kusimama, na ndipo Fideli akampeleka hospitali ya wilaya. Kipimo cha picha kikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Wakaandika rufaa ya Mwanza.

"Mawe tunayo ya kutosha shambani," Fideli alimwambia pale nje. "Wewe umeamua kuyabeba na tumboni."

"Baba Restuta, usinichekeshe, panauma."

Tulikwenda sisi watatu. Mwanza daktari alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini, na alitueleza kama mtu anayependa kazi yake. Alichora tumbo nyuma ya fomu kwa kalamu ya wino. Zamani, alisema, mgonjwa wa nyongo alikatwa mkato mrefu kufuata ubavu, akalala wodini wiki nzima, na miezi ikapita bila kushika jembe. Siku hizi wanatoboa matundu manne. Wanajaza tumbo hewa, linanyanyuka kama hema, nafasi inapatikana ndani. Tundu moja linapitisha kamera nyembamba, mengine yanapitisha vyombo virefu, na daktari anafanya kazi akitazama runinga. Mfuko wa nyongo unatolewa kupitia tundu mojawapo. Kesho yake au keshokutwa mgonjwa anakwenda nyumbani.

"Na nikirudi nitakuwa na kidonda gani?" shangazi aliuliza.

Daktari akaweka nukta nne kwenye mchoro wake. "Hivi tu, mama. Baada ya miezi michache hata wewe utayatafuta."

Shangazi alizitazama nukta zile kwa muda. Nilidhani anaogopa. "Mmeanza lini mambo haya?"

"Si zamani sana kwa hapa kwetu. Tulianza na kidole tumbo, tukaja kwenye uvimbe wa akina mama, sasa tunatoa na nyongo."

"Kidole tumbo mnatoa kwa matundu mangapi?"

"Matatu." Akachora tumbo jingine pembeni. "Moja kitovuni, moja hapa chini, moja huku kushoto."

"Kidole tumbo si kiko kulia?"

"Kiko kulia, ndiyo. Lakini ukitaka kukiona vizuri unasimama ng'ambo yake."

Fideli alikuwa akiuliza kuhusu chakula, daktari akamgeukia. Shangazi hakusikiliza tena. Alichukua kalamu kwa daktari, akaandika jina lake kwenye fomu ya idhini polepole sana, herufi moja moja. Daktari akamwambia asiwe na hofu, wamefanya nyingi. Aliitikia kwa kichwa.

Upasuaji ulikwenda salama. Alipozinduka alilalamika kuhusu bega.

"Nesi, waliteleza nini? Tumbo haliumi sana, bega la kulia ndilo linaniua."

"Ni ile hewa, mama. Iliyobaki inapanda, maumivu yanasikika begani. Kesho kutwa yataisha."

Siku ya pili walimruhusu. Walimpa maelekezo: wiki sita asibebe ndoo, asilime, asitwange. Wakampa pia mawe yake katika kichupa cha plastiki, saba, ya rangi ya kahawia, makubwa kama kunde. Alikifunga kichupa kwenye pindo la kitenge na hakukitoa safari nzima.

Kwenye basi Fideli alilala. Tulikuwa tumeshapita Geita shangazi alipozungumza.

"Ernesta. Ile karatasi ya Suzana hatukuiomba."

"Hatukuiomba, shangazi."

"Ulimsikia alipoitaja?"

"Nilimsikia."

Akageukia dirishani.

Kwetu, mtu akitoka kupasuliwa watu huja kumwona, na kumwona maana yake ni kuona kidonda. Akina mama wa kanisa walifika siku ya tatu na unga wa ulezi na ndizi, wakaimba wimbo mmoja, wakakaa kwenye mkeka.

"Haya mama shemasi, tuone kidonda tumshukuru Mungu vizuri," Bonifasia alisema.

"Kimefungwa."

"Si ufungue kidogo? Tulikuja na macho."

"Nesi alikataza hewa isiingie."

"Hewa yenyewe mmeitoa wapi, hapa Nyantakara ni vumbi tupu," Bonifasia alisema, wakacheka, wakaacha. Lakini shangazi alishika blauzi yake kwa mkono mmoja mpaka walipoondoka.

Wiki ya tatu plasta zilitoka. Ngozi yake ni ya kuweka weusi penye jeraha, na alama zilibaki nyeusi kabisa, kama zilizosuguliwa masizi. Aliniita chumbani, akasimama mbele ya dirisha na kile kioo kidogo cha Fideli cha kunyolea.

"Ungekuwa hunijui, ungesema hizi ni nini?"

"Ningeomba karatasi."

"Hilo ni jibu la mtu wa chuo. Nakuuliza wewe kama mtu."

Nilitazama. Alama za Suzana sikuwahi kuziona, lakini niliwahi kuona chale za watu wengine. "Ningesema ni chale," nikamjibu.

Alikaa kitandani. Alikuwa ameishi miaka miwili akilala usingizi wake, akipika, akishika kitenge pale lamboni, na muda wote huo mtu alikuwa Nyamigogo katika nyumba ya kaka yake kwa sababu ya maneno yake. Hayo hakuyasema yeye. Nayasema mimi, kwa kuwa nilimwona alivyokaa.

Alipomweleza Fideli, Fideli alifikiri kwanza. Si mtu mbaya. Anampenda mkewe na anaogopa maneno ya watu.

"Nyamaza," alimwambia. "Wewe umepona. Suzana ameshaondoka. Ubatizo ujao vaa gauni la ndani refu, nani atakuona? Ukisimama na hayo ya kwako watakuweka benchi moja naye."

"Hayupo kwenye benchi, Baba Restuta. Ndiyo shida yenyewe."

"Ndiyo maana nakwambia. Utamsaidia mtu asiyekuwepo?"

Shangazi alihesabu wiki zake, na wiki ya sita ilipotimia akanituma nikamwite kijana wa bodaboda asiyependa mwendo wa kasi.

Suzana alikuwa uani kwa kaka yake, akimenya mihogo. Alituona tangu tunashuka kwenye pikipiki. Alifuta mikono, akasimama, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama shemasi."

"Marahaba," shangazi alisema. Hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Aliinua blauzi yake pale pale alipokuwa amesimama.

Suzana alitazama, kisu bado kiko mkononi. Alisogea karibu, akainama, akahesabu kwa macho.

"Manne," alisema. "Wewe wamekuongezea moja."

"Ni nyongo."

"Bega liliuma?"

"Liliuma sana."

"Langu pia. Nilidhani nakufa kwa bega, nikawa najiuliza dada atawaambia nini watu." Akarudi kwenye mihogo yake. "Keti basi."

Shangazi akaketi. Aliomba msamaha kwa maneno machache, yaliyokatika katika. Suzana alimenya muhogo mmoja mpaka ukaisha ndipo akajibu.

"Nilishakusamehe mwaka jana. Nilikuwa nachoka. Lakini hukunisemea hapa Nyamigogo. Ulinisemea kanisani, Maduhu akiwa benchi la tatu. Ukaseme pale."

"Twende wote."

"Sitakuja kufunuliwa mara ya pili."

Aliingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Hakumpa shangazi. Alinipa mimi. Nilizisoma. Tarehe, jina lake, umri wake, mhuri, na maneno yale yale niliyoyaona kwenye karatasi za shangazi, isipokuwa penye nyongo paliandikwa kidole tumbo.

"Zinasemaje?" shangazi aliuliza.

"Zinasema alivyosema."

Suzana akanyoosha mkono, nikamrudishia. "Hizi zinabaki," alisema. "Nilipotaka kuwaletea hamkuzihitaji. Nendeni na za kwenu."

Jumapili iliyofuata haikuwa ya mchungaji. Mzee Telesfori aliongoza, na baada ya matangazo shangazi akaomba nafasi. Maduhu alikuwa benchi lake la tatu. Fideli alikuwa ameinamisha kichwa kabla hata mkewe hajafungua mdomo.

"Miaka miwili iliyopita nilisimama hapa nikasema nimeona kwa macho yangu," alisema. "Ni kweli niliona. Sikujua ninachokiona." Akaeleza yote: mawe, Mwanza, mchoro wa daktari, matundu matatu ya kidole tumbo. Akasema Suzana alitaka kuleta karatasi na yeye hakuzitaka. Kisha akaomba akina mama wamwangalie, stoo, kama alivyoangaliwa Suzana.

Walikaa huko muda mfupi. Bonifasia alipotoka hakuwa na utani wowote usoni.

"Mama shemasi ana alama nne," alisema. "Zinafanana kabisa na zile za Suzana. Na zile za Suzana, mama shemasi mwenyewe ndiye alituambia ni chale." Akamgeukia. "Sasa dada, nimwamini Claudia yupi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujibiwa kweli.

Shangazi akafungua pindo la kitenge, akatoa kichupa, akampa mzee Telesfori. Alikuwa amekitunza wiki zote kama ushahidi wake mkubwa. Mzee alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, mawe saba yakagonganagongana.

"Haya nini?"

"Yalikuwa tumboni mwangu."

Mguno ulipita kanisani, na hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Hakuna mtu mzima mle ndani ambaye hakuwahi kusikia habari za mganga aliyemtoa mtu mawe tumboni kwa kibuyu, au misumari, au nywele. Wengine walikuwa wametolewa wao wenyewe kabla hawajaokoka. Mzee Telesfori alikiweka kichupa mezani mbali na Biblia.

Nikasimama. Nilisoma karatasi za shangazi mstari kwa mstari kwa Kiswahili, na sauti yangu sikuitambua.

"Umesoma vizuri, binti," mzee Telesfori alisema kwa upole. "Lakini wewe ni mtoto wa kaka yake. Hili jambo tumngoje mchungaji. Mpaka hapo, mama shemasi, utaratibu unaujua. Uliutumia kwa mwenzako."

Shangazi alikwenda kukaa benchi la nyuma. Fideli alinyanyuka, akasita, akamfuata, akakaa pembeni yake upande wa wanawake, jambo ambalo sijawahi kuliona pale.

Ndipo Maduhu akasimama. Aligeuka nyuma, kofia mkononi.

"Mama shemasi. Za Suzana zilikuwa wapi hasa?"

"Moja kitovuni, ndani kabisa. Moja chini. Moja kushoto."

"Naye alikuwa anaumwa wapi?"

"Aliniambia kulia."

Maduhu alibaki amesimama, na mzee Telesfori akaanza kufungua kitabu cha nyimbo.

"Baba yangu alikuwa mganga," Maduhu alisema. "Wote mnajua, mnanistahi tu hamsemi. Nilimshikia kibuyu cha dawa miaka mingi. Anachanja panapouma, apate kusugua dawa hapo hapo. Anachanja mbili mbili. Sijamwona hata siku moja akimchanja mtu kitovuni. Wala upande usiouma. Hizo si chale. Za mama huyu pia si chale."

"Kwa nini hukusema siku ile?" mzee aliuliza.

"Hamkuniuliza. Na nilikuwa nimeshachoma vile vitu. Niliona haya watu wajue bado najua."

"Lakini mkeo, Maduhu. Wewe hukumtazama?"

"Mliniambia mmeona," alisema. "Sikumtazama."

Alivaa kofia ndani ya kanisa, akatoka, na tukasikia hatua zake kwenye changarawe mpaka barabarani.

Mchungaji alipofika aliwafungulia wote wawili, Suzana na shangazi, adhabu ya kutengwa. Barua ya kumfungulia Suzana ilisomwa mbele ya watu yeye akiwa hayupo, na shangazi akaipeleka Nyamigogo. Yeye mwenyewe aliambiwa arudi kwenye kiti chake cha mbele. Alirudi kwa sharti moja: kitenge cha lamboni atashika, lakini stoo haingii tena. Bonifasia naye akakataa, na kazi ile mpaka leo haina mtu. Wengine wanasema kanisa limelegea. Mawe, Fideli aliyamwaga shambani kwenye mihogo, akasema yaende kwa wenzake.

Suzana hajarudi. Maduhu amekwenda Nyamigogo mara nne. Mara ya kwanza alipewa uji akarudi peke yake. Mara ya pili aliezeka jiko la Ndassa, akarudi peke yake. Shangazi alijaribu kumwombea Maduhu msamaha, akamwambia Suzana kwamba kosa lilikuwa lake yeye, si la Maduhu.

"Wewe uliniangalia ukakosea," Suzana alimjibu. "Lako tumelimaliza. Yeye hakuniangalia."

Ubatizo wa juzi nilikuwepo. Wanawake watano walitoka majini wakitetemeka, na shangazi akawanyooshea kitenge kama kawaida, mikono imeinuliwa juu, akiwa amewapa mgongo. Zamani alikuwa akiwatazama, akawasaidia vifungo. Sasa uso wake ulikuwa upande wa pili wa lambo, ambako ng'ombe wa Maduhu walikuwa wakinywa, wakichungwa na jirani. Mwenyewe alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Nyamigogo, mara ya nne.